Nafasi Chini ya Majina

Jiwe lilishuka kwa treni, jekundu, jiwe la Vosges,
limeviringishwa majani makavu kama yai.
Wanaume sita wakalivuta hadi mbele ya kanisa,
na meya akanipa karatasi: majina ishirini na tisa.
Nikamwambia, haya nimeyaona.
Juu yake niandike nini?

Akavua kofia. Akaivaa tena.

Ng'ambo ya mlima fundi mwenzangu hahangaiki:
huchonga WALIKUFIA UFARANSA, hupokea ujira,
huenda zake kunywa.
Wa kwetu walikufa ndani ya makoti ya kijivu,
makoti ya mfalme aliyeshindwa,
kwa risasi za Warusi, marafiki
wa hawa ambao leo tunawaita ndugu.

Baba yangu alizaliwa chini ya rangi tatu.
Mimi nilizaliwa chini ya tai,
mwanangu Morand alikufa chini ya tai,
binti yangu ataolewa chini ya rangi tatu.
Nyumba ni ile ile. Hata kitasa hatukukibadilisha.
Vita ndivyo vilivyopita mlangoni mara mbili,
na kila vilipopita vikaacha jina jipya:
la mtaa, la pesa, langu mwenyewe.
Theobald shuleni, Thiébaut kwenye kitambulisho,
na mama, hadi anakata roho, Diebolt tu,
Diebolt, funga mlango, baridi inaingia.

Fahali wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Ndivyo husemwa.
Hapa kwetu, zikishaumia,
nyasi huitwa ofisini, zikapangwa foleni,
zikaulizwa: ninyi ni nyasi za fahali yupi?
Zikapewa kadi. Herufi A, herufi B,
herufi D kwa zile za kufukuzwa
na mzigo usiozidi kilo thelathini.

Tulikutana ghalani kwa meya, usiku, mvua ikinyesha.
Mwalimu mpya, aliyetoka Dijon,
alisema tuandike WALIIFIA NCHI.
Mtu mmoja akauliza: ipi?
Hakuuliza kwa ukali. Alitaka kujua.
Padri akasema: WALIMFIA MUNGU.
Hapo ndipo Ottilie Zumsteg, dobi, alipocheka.
"Mungu alikuwa kwenye mkanda wa Fridolin," akasema,
"kwenye bamba la shaba: Mungu yu pamoja nasi.
Nilirudishiwa mkanda. Shaba haina hata mkwaruzo."

Na yule mwingine, Émile wake,
aliyevuka mlima usiku akavaa bluu,
hakuwemo kwenye karatasi yangu.
Meya alieleza kwamba huyo ana heshima yake,
ana nishani, atapata bamba lake, la shaba, peke yake.
"Walilala kitanda kimoja miaka kumi na mitano,"
akasema Ottilie, "wakinyang'anyana blanketi.
Waandike pamoja. Wanyang'anyane."

Nikarudi karakana nikachonga WAFU WETU.
Maneno mawili. Patasi haikuteleza hata mara moja.
Majina yakawa thelathini,
Fridolin na Émile katika mstari mmoja,
na kati yao alama ndogo, siyo msalaba,
alama tu, patasi ilipopumzika.

Siku ya kufunua, mkubwa wa wilaya alikuja na tarumbeta.
Alisoma juu, akasoma chini,
akazunguka nyuma ya jiwe kana kwamba
neno alilolitafuta limejificha huko.
Kisha akahutubia nusu saa juu ya taifa.
Tulipiga makofi. Mvua ilikuwa imekatika.

Meya aliniuliza baadaye kwa nini
chini ya jina la mwisho nimebakiza
shubiri mbili za jiwe tupu.
Ni barafu, nikamjibu. Jiwe huanza kupasuka chini.
Akaridhika, au alitaka kuridhika.
Mwanawe, mwenye miaka saba, alikuwa amechuchumaa pale,
akiyahesabu majina kwa kidole, kwa lugha yake mpya,
akikwama kwenye kumi na sita,
akianza tena.